Gia Inayopiga na Maana Tatu za "Mafuta ya Gia": Matengenezo ya Giaboksi ya Otomatiki Nyumbani, Mtaani Skuta, Nyeri

Wataalamu wa istilahi wamezoea kuitafuta lugha ya sayansi maabara na darasani. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na tangu hapo mijadala mingi imehusu namna ya kumfundishia mwanafunzi atomu na usanisinuru. Gereji hupitwa. Ilhali gereji ni mahali ambapo kosa la istilahi hulipiwa kwa fedha taslimu, tena siku iyo hiyo. Makala haya yanaeleza jambo moja linalowasumbua wenye magari wengi: giaboksi ya otomatiki inayobadilisha gia kwa kishindo, na jinsi inavyoweza kurekebishwa, hata kuboreshwa, nyumbani. Mfano uliochaguliwa ni wa mtaa wa Skuta, mjini Nyeri. Sababu ya kuchagua mtaa huo itaonekana njiani, maana mwinuko wa nchi na baridi ya asubuhi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Magari mengi yanayolala katika nyua za Skuta yaliingia Kenya yakiwa yametumika Japani. Kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Viwango la Kenya hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari huwasili likiwa tayari limekwishaonja nusu ya umri wake. Wajapani hupendelea otomatiki, na kwa sababu hiyo Mkenya naye amejikuta akiipendelea. Vibandiko vya maonyo vilivyomo ndani ya gari aghalabu vimeandikwa Kijapani. Kitabu cha mwenye gari, kikiwapo, ni cha Kijapani. Mikebe ya mafuta dukani imeandikwa Kiingereza. Mwenye gari na fundi huzungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kikuyu na Sheng. Kati ya kiwanda cha Toyota na mkono wa fundi, basi, maelezo hupitia lugha tatu au nne, na kila kivuko hudondosha kitu.

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni lile la mgonjwa. Mwenye gari akifika kwa fundi hasemi kuwa shinikizo la mafuta limezidi. Husema, "Fundi, gia inapiga." Mwingine husema inateleza. Wa tatu husema inachelewa. Mwanafunzi wa semantiki angedhani kwamba haya ni mapambo ya usemi tu, sitiari tatu za adha moja. Sivyo hata kidogo. Kila kitenzi kinaelekeza kwenye kasoro yake, na fundi mwenye masikio huanza kutengeneza kabla hajafungua boneti. Ili jambo hili lieleweke, sharti mashine yenyewe ielezwe kwanza.

Giaboksi ya otomatiki iliyouzwa kwa wingi kwa mara ya kwanza ni Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors, iliyotangazwa mwaka 1939 kwa ajili ya magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilifungwa hata katika vifaru vya Marekani. Misingi yake haijabadilika sana. Injini haiungwi na giaboksi kwa klachi ya mguu. Huungwa kwa kigeuza msokoto, chombo cha duara kilichojaa mafuta, chenye panga mbili zinazotazamana kama feni mbili. Feni moja huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta, na mafuta hayo huizungusha feni ya pili iliyoshikana na giaboksi. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama likiwa katika gia bila injini kuzimika: feni ya kwanza inazunguka, ya pili imezuiwa na breki, na mafuta yanapita kati yake.

Nyuma ya kigeuza msokoto zipo gia za sayari. Istilahi hii imekaa vizuri katika Kiswahili, pengine vizuri kuliko nyingi zilizobuniwa ofisini: katikati lipo jua, kando yake zinazunguka sayari, na nje ipo pete inayozizingira zote. Ukizuia pete na kuzungusha jua, sayari hutembea kwa mwendo mmoja. Ukizuia jua na kuzungusha pete, hutembea kwa mwendo mwingine. Meno hayaachani kamwe. Kinachobadilika ni nani azuiwe na nani aachwe huru. Kazi ya kuzuia na kuachilia hufanywa na klachi ndogo, mabamba membamba yaliyopangwa kama chapati ndani ya ngoma, ambayo hubanwa pamoja na mafuta yenye shinikizo.

Hapo ndipo penye siri. Gia kubadilika ni klachi moja kuachia na nyingine kushika. Ikiwa ya pili itashika kabla ya wakati au kwa nguvu kupita kiasi, gari hushtuka: gia inapiga. Ikiwa itashika kwa unyonge, injini hupiga kelele na gari halipati mwendo: gia inateleza. Ikiwa mafuta yatachukua muda kuijaza ngoma, dereva huweka gia na kusubiri, kisha gari hustuka na kuondoka: gia inachelewa. Vitenzi vitatu, hali tatu za shinikizo. Kupiga ni shinikizo kubwa mno au lisilolainishwa, kuteleza ni shinikizo dogo au mabamba yaliyolika, na kuchelewa mara nyingi ni mafuta pungufu au mipira iliyokakamaa.

Shinikizo hilo hugawanywa na vali bodi, bamba la aluminiamu lenye vijia vingi kama nyumba ya mchwa, ambamo vali ndogo hukimbia mbele na nyuma. Magari ya tangu miaka ya 1990 yana solenoidi, vali za umeme zinazoamrishwa na kompyuta. Kandokando ya vijia hivyo vipo vilainishi: pistoni ndogo zilizoegemea springi. Mafuta yanapokimbilia klachi, sehemu yake huisukuma kwanza pistoni ya kilainishi, springi ikabonyea, na shinikizo likapanda polepole badala ya kuruka. Springi ikivunjika, au mpira wa pistoni ukilika, ulaini huo hutoweka na kila badiliko la gia huwa teke.

Sasa Skuta. Mji wa Nyeri uko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18, na injini isiyo na taabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Dereva hufidia upungufu huo kwa kukanyaga ekseleta zaidi. Kwa giaboksi za zamani zenye kebo kutoka kwenye ekseleta, kadiri mguu unavyoshuka ndivyo shinikizo linavyopanda na ndivyo gia inavyochelewa kubadilika, hivyo gari ambalo lingebadilisha gia kwa ulaini kule Mombasa huonekana kali katika miinuko ya Nyeri. Kebo iliyokazwa kupita kiasi huongeza ukali huo maradufu. Pamoja na hayo kuna baridi ya Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya: mafuta huwa mazito, injini huzunguka kwa kasi ili ijipashe joto, na dereva mwenye haraka akiweka D papo hapo hupokea kishindo. Kishindo cha saa kumi na mbili asubuhi ambacho hakipo saa nne si lazima kiwe ugonjwa. Dakika mbili za subira huenda zikatosha, na ni tiba ya bei nafuu kuliko zote.

Kishindo kikidumu hata injini ikiwa na joto, uchunguzi huanza nje ya giaboksi. Jambo hili hurukwa na wengi, na fedha nyingi hupotea hapo. Mipira inayoishikilia injini na giaboksi kwenye fremu huoza. Mpira uliopasuka huiacha injini iruke kila gia inapobadilika, na kishindo kikadhaniwa kimetoka ndani. Mtu mmoja akikanyaga breki kwa nguvu na kuhamisha gia kutoka N hadi D na kutoka N hadi R, huku mwingine akiangalia injini kwa kando (kamwe asisimame mbele ya gari), mpira mbovu hujidhihirisha kwa injini kuinuka. Baada ya hapo huangaliwa mzunguko wa injini ikiwa imetulia, kisha husomwa kumbukumbu ya hitilafu kwenye kompyuta. Solenoidi hupimwa kwa mita ya umeme: kwa nyingi za Toyota zile za kufunga na kufungua, ukinzani wa kawaida ni om 11 hadi 15. Iliyo mbali na hapo hubadilishwa.

Ndipo hufikiwa mafuta, na ndipo lugha inapogeuka kuwa hatari.

"Mafuta ya gia" katika Kiswahili cha gereji yana maana zisizopungua tatu. Kuna mafuta mazito ya giaboksi ya mkono na ya difu. Kuna mafuta mepesi ya otomatiki, ambayo aghalabu ni mekundu. Na kuna mafuta ya giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za kuhesabika, ambayo hutumia mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili zinazopanuka na kubana. Vitu hivi vitatu havibadilishani. Mafuta ya otomatiki yametengenezwa ili mabamba ya klachi yashike kwa ulaini. Ya CVT yametengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Ukiweka ya kwanza mahali pa ya pili, mkanda huteleza juu ya puli, huzikwaruza, na giaboksi hufa kifo cha polepole kisichokuwa na rufani.

Mfano wa karibu ni Toyota Corolla Fielder, gari ambalo halihitaji kutambulishwa kwa mkazi yeyote wa Nyeri. Fielder ya lita 1.5 ya NZE121, iliyotengenezwa tangu mwaka 2000 hadi 2006, ina giaboksi ya U340E yenye gia nne, na hutumia mafuta ya Toyota ya aina ya T-IV. Fielder ya NZE141 iliyoifuata, ya injini ileile, ina CVT ya K310 na hutumia mafuta ya CVT. Jina ni moja, injini ni moja, na kwa macho ya jirani ni gari moja la miaka tofauti. Mwenye gari akisema, "Fundi, nitilie Fielder mafuta ya gia," ametoa sentensi sahihi kisarufi na pungufu kimaana. Fundi mwangalifu hujibu kwa swali: "Mwalimu, ni ya mwaka gani?" Fundi bora zaidi haulizi. Hufungua boneti na kusoma kibati cha utambulisho, penye mstari wa giaboksi, na kukuta humo U340E au K310.

Baadhi ya mafundi hujaribu kuondoa utata kwa kusema "mafuta mekundu". Ni jitihada ya kupongezwa, lakini rangi ni shahidi asiyeaminika: ni unga tu unaotiwa ili kuvuja kutambulike, na yapo mafuta ya CVT mekundu vilevile. Hata miongoni mwa mafuta ya otomatiki yenyewe kuna tofauti. Toyota ilianza kutumia aina ya WS katika miaka ya 2000, nayo ni nyepesi kuliko T-IV na haipaswi kuchanganywa nayo. Msamiati wa kuaminika, kwa sasa, ni ule ulioandikwa kwenye kibati na kwenye mkebe. Kiswahili kinaweza kuutofautisha kwa urahisi, mathalani kwa kusema mafuta ya gia za mkono, mafuta ya otomatiki na mafuta ya mkanda, almuradi watumiaji wakubaliane.

Umuhimu wa mafuta haya una historia yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mafuta ya otomatiki ya Marekani yalitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike kwa ulaini. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi, watengenezaji walilazimika kutafuta kemikali mbadala, na haikuwa kazi nyepesi. Kioevu hiki, basi, ni kiungo cha mashine kwa maana halisi, sawa na bamba au springi.

Kubadilisha mafuta ni kazi ya nyumbani inayowezekana. Gari huinuliwa kwa jeki mahali tambarare, kisha huwekwa juu ya stendi za chuma. Mawe na matofali hayafai: tofali hupasuka bila onyo, na aliye chini ya gari hana pa kukimbilia. Mafuta humwagwa yakiwa vuguvugu, si ya moto, maana yakiwa moto huunguza. Kwa U340E kinachotoka ni karibu lita 3, ilhali ndani mna zaidi ya lita 6. Nusu iliyobaki imo ndani ya kigeuza msokoto na vijia. Kwa hiyo anayetaka kuyasafisha yote hurudia kazi hiyo mara mbili au tatu, akiendesha gari kwa siku kadhaa katikati. Sampu ikifunguliwa, sumaku zilizo ndani yake huchunguzwa: vumbi la kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari mbaya. Mafuta yaliyo meusi na yenye harufu ya kuungua yanaashiria mabamba yaliyokwisha, na hapo hakuna mafuta mapya yatakayoyarudisha.

Upimaji nao una kanuni zake. Toyota yenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiwa inazunguka, mafuta yakiwa na joto, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda hupimwa mara tu baada ya injini kuzimwa. Anayeipima Toyota kwa kanuni ya Honda hupata jibu la uongo. Zilizo na mafuta ya WS nyingi hazina kijiti kabisa. Mafuta hupimwa kwa kufungua kizibo mafuta yakiwa katika joto maalumu na kuona yanavyotiririka. Kazi hiyo inataka kifaa cha kusomea joto, si kukisia kwa kiganja.

Kuboresha ni hatua nyingine, na hapa pana kutoelewana kukubwa. Kampuni za Marekani kama TransGo na Sonnax huuza vifurushi vya vali bodi: springi mpya, vali zisizovuja na maelekezo ya kupanua baadhi ya matundu kwenye bamba. Vipo vya giaboksi za familia ya A340, zilizofungwa katika Hilux Surf na Prado za miaka ya 1990. Wengi huvinunua wakidhani vitalainisha gia. Aghalabu kinyume chake ndicho kweli. Vifurushi vingi viliundwa ili klachi ishike haraka na kwa uthabiti, mabamba yasiungue chini ya mzigo. Kwa gari linalovuta trela ni neema. Kwa gari ambalo tayari linapiga, mwenyewe atakuwa amenunua teke jipya. Kinachofaa kwa kishindo ni ile sehemu ya kifurushi inayorudisha kilichochakaa: springi na mipira ya vilainishi na vali ya kudhibiti shinikizo iliyotanua tundu lake.

Anayeshusha vali bodi nyumbani na afanye hivyo juu ya meza safi, si juu ya gazeti kando ya banda la kuku. Kokwa ndogo za chuma huanguka bamba linapotenganishwa, na kila moja ina tundu lake. Boliti hazilingani urefu, hivyo picha hupigwa kabla ya kufungua chochote, na kila boliti huchomekwa kwenye katoni iliyochorwa umbo la vali bodi. Matambara yenye nyuzi hayatumiki. Uzi mmoja huziba kijia. Wakati wa kurudisha, boliti hukazwa kwa takribani nyuton-mita 10 tu, kwa spana ya kupimia, kwani aluminiamu hukatika uzi upesi. Vipimo kamili hutoka katika kitabu cha giaboksi husika. Asiyekuwa na meza, spana hiyo na kitabu ana sababu tatu za kumwachia fundi sehemu hii.

Uboreshaji usio na hatari kubwa ni rejeta ya ziada ya kupoza mafuta ya giaboksi. Joto ndilo linaloyazeesha mafuta, na gari linalopanda na kushuka mabonde ya Othaya na Mukurwe-ini likiwa na magunia nyuma huyachosha kuliko lile linalozunguka mjini. Kwa CVT na otomatiki sawia, rejeta hiyo huongeza maisha bila kugusa vali hata moja.

Mafuta machafu hayamwagwi mtaroni, maana mitaro ya Nyeri huelekea Mto Chania, na Chania si taka ya mtu. Huwekwa katika mtungi na kupelekwa kwa wanaoyakusanya.

Kompyuta za magari ya tangu miaka ya 2000 hukumbuka tabia ya klachi zilizochakaa na kurekebisha shinikizo kulingana nayo. Baada ya matengenezo, kumbukumbu hiyo hufutwa kwa mashine ya uchunguzi, au gari huendeshwa taratibu kwa siku kadhaa mpaka lijifunze upya. Siku za kwanza huenda kishindo kikaendelea kidogo, na mwenye gari akarudi kwa fundi kwa hasira kabla ya wakati. Gari lipashwe joto, litolewe Skuta asubuhi kabla ya msongamano, lipandishwe kilima kwa mguu mwepesi, kisha kwa mguu mzito, na masikio yasikilize gia ya pili, maana hiyo ndiyo hulalamika mapema. Likirudi nyumbani, kabla boneti haijafungwa, huandikwa kwa rangi nyeupe kwenye bati la ndani, kwa herufi ambazo fundi yeyote atakayefuata ataziona bila kuuliza: aina ya giaboksi, jina kamili la mafuta, na kilomita za siku hiyo.